Kutoka Colito mpaka Lugalo, na soksi za babu yangu

Leo hamna stori za bumu wala foleni ya kafeteria. Leo ni historia, na nyie wa Uhandisi msikimbie, sio ngumu.

Ukipanda daladala pale Mwenge kwenda Tegeta unapita Lugalo, kambi ya jeshi. Jina hilo tulilisoma tangu primari: Agosti 17, 1891, kule Uhehe, watu wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao, Emil von Zelewski, akafia hapo hapo. Sawa. Sasa wangapi mnajua kwamba kambi hiyo hiyo kabla ya kuitwa Lugalo iliitwa Colito? Colito ni mahali Ethiopia. Mei 1941 askari wa Tanganyika wa bataliani ya 6 ya King's African Rifles, wale wazee wetu waliowaita keya, walipigana pale na Waitaliano chini ya bendera ya Mwingereza. Yaani jina la kwanza ni la vita tulivyompigania mkoloni, la pili ni la vita tulivyompiga mkoloni. Uwanja wa gwaride ni ule ule.

Hayo yote nimeyapata Msasani, Bonde la Mpunga, kwa babu yangu mzaa mama. Kila mwaka ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, wenzake wawili wanakuja barazani kwake, wanakunywa kahawa na kukumbushana Vita vya Kagera. Mmoja alikuwa jeshini tangu mwanzo, mwingine na Babu waliingia kama mgambo. Najua nikisema mgambo nyie mnawaza wale wanaopindua meza za machinga. Hapana jamani. Amin alivuka mpaka Oktoba 30, 1978, Novemba 2 Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga, na jeshi lililokuwepo lilikuwa dogo. Wakachukuliwa mgambo, polisi, magereza, JKT, mpaka jeshi likapita watu 100,000. Malori na mabasi ya watu binafsi nayo yakaingia vitani.

Babu alikuwa mvuvi, ana miaka 26 na mtoto mchanga ndani. Huyo mtoto ni mama yangu.

Wanavyosimulia sasa! Mimi nilitegemea mizinga. Wao wanacheka viatu, maharage yenye mchanga, nani alilala kwenye mtaro akiamini ni handaki. Yule mzee wa jeshi anawatania wenzake kwamba mgambo walikuwa wanapiga risasi mawingu, Babu anamjibu kwamba mawingu ya Masaka yalikuwa na Waganda. Kutoka Mtukula mpaka Kampala wengi wao walitembea kwa miguu. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Kuhusu watu waliokufa mbele yao hawasemi. Ikifika hapo mmoja anaomba kahawa nyingine.

Kitu kimoja kilinigusa sana. Babu anasema vijiji vya mwanzo Uganda watu walikuwa wakisikia Kiswahili wanajificha, kwa sababu kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Amin, lugha ya kuporwa. Basi wakawa wanaanza na shikamoo. Mtu ana bunduki begani anamwamkia bibi wa watu shikamoo! Anasema bibi mmoja alitoka ndani ya migomba akiwa analia na kucheka.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana ulikuwepo. Ndani kwa Babu, kwenye sanduku la khanga za marehemu bibi, kuna nishani ya nyota ya shaba. Ni ya baba yake Babu. Huyo alikuwa keya. Alichukuliwa 1942, akapelekwa mpaka Burma na bataliani ya 36, akarudi 1946. Kutoka Tanganyika waliingia kwenye vita vile watu karibu 87,000. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko mwaka 1944, Desemba ikafika Kalewa, na pale juu ya mto Chindwin wahandisi wa jeshi wakatandaza daraja la chuma la mita kama 350. (Wa Uhandisi, mmeona, nawakumbuka.) Yeye kwa wanawe alisimulia mvua tu. Mvua na ruba.

Babu alipoitoa ile nyota, yule mzee wa jeshi akasema, bila ubaya lakini akasema: "Huyo alikuwa askari wa Mwingereza bwana. Kwenye mashujaa hahesabiki."

Kimya. Babu akaweka kikombe chini.

"Na wewe ulipelekwa Kagera, ulijichagulia?"

"Mimi nililinda kwetu."

"Na yeye alirudi kwetu."

Nimelifikiria hilo jibu wiki nzima. Ukweli ni kwamba yule mzee hakusema la kwake, alisema ambavyo nchi yenyewe iliamua. Usiku wa Januari 20, 1964 askari wa Colito waliasi, wanadai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, miaka miwili na ushee baada ya Uhuru. Waliingia mjini kwa barabara ile ile ya Bagamoyo. Mwalimu ikabidi ajifiche, na Januari 25 aibu ikakamilika: Waingereza wakaitwa warudi, makomando wao wakashuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Baada ya hapo jeshi likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa JWTZ, kwa vijana wapya wengi wao kutoka TANU Youth League. Kamba ya keya ikakatwa pale, na jina la Colito nalo likaondoka. Mimi simlaumu Mwalimu, jeshi la namna ile lingemmaliza.

Ila kukata kamba kwenye serikali ni rahisi kuliko kuikata ndani ya nyumba. Hao waliopigwa na Mkwawa pale Lugalo, zaidi ya maofisa wachache, walikuwa Waafrika pia, Wasudani na wengine waliokodiwa. Na keya wa watu hakupata hata malipo sawa. Mwaka 2019 waandishi wa habari waliibua nyaraka zinazoonyesha Mwingereza alilipa kiinua mgongo kwa rangi, mzungu akipata mpaka mara tatu ya mwafrika wa cheo kile kile. Sasa huyo Mwingereza alimpunja, nchi huru ikamwonea aibu, na ile sanamu ya askari pale Posta tangu 1927 ni ya vita vya kabla yake. Yeye ana sanduku la khanga tu.

Siku Babu anaondoka 1978, baba yake alimsindikiza stesheni ya treni. Hakumpa hotuba. Alimwambia: "Soksi zikilowa, vua. Hata kama wanakupigia kelele." Mimi nilipomaliza Form Six nikaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, Babu alikuja na mfuko wa soksi jozi sita na maneno hayo hayo. Mnaona urithi wenyewe. (Na kwa taarifa yenu, Oktoba 1966 wanafunzi wa hapa hapa chuoni waliandamana kuipinga JKT, na bango moja likisema afadhali ukoloni. Mwalimu akawafukuza karibu 400, akajikata na yeye mshahara asilimia 20. JKT ya lazima ikasimama 1994, ikarudi 2013, ndio ikatukuta sisi.)

Wazee wakaniuliza, na wewe mjukuu, ukimaliza digrii si uende Monduli ukatoke afisa? Babu akanitazama. Hakusema neno, ila ile nyota ilikuwa bado mkononi.

Mama alikuwa mlangoni na sinia. Akasema alikuwa na miaka miwili baba yake aliporudi kutoka Uganda, alimlilia kama mgeni, na mpaka anaanza shule mlango ukigongwa usiku Babu alikuwa anatambaa sakafuni. "Mmeshatoa wawili, baba. Inatosha." Babu akamwambia, "Sijamwita mimi." Mama akasema, "Nyamaza yako ndiyo inaita."

Yule mzee wa jeshi akaomba aione ile nyota. Akaipeleka karibu na taa, akaisoma maandishi polepole, akamrudishia Babu kwa mikono miwili.

Mimi sijajibu. Nina mwaka mmoja na nusu kabla ya kumaliza, na Mama ananipigia simu kila jioni kuniuliza mambo mengine kabisa. Wenye wazee wa keya au wa Kagera nyumbani, niandikieni walikuwa wapi. Jumatatu nina testi, ngoja nikabukue.