Neno "Bara" na Watu Wake: Maana Zilizohama katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Kwa Mzanzibari autazamaye mwambao kutoka baharini, Bongwe ni bara. Kwa mkazi wa Bongwe mwenyewe, jirani ya Ukunda na Diani katika Kwale, bara ni kwingine kabisa: ni nyuma ya vilima vya Shimba na nyika ya Taru, huko yanakotoka mabasi ya Nairobi. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, kwani maneno mengi ya mahali hutegemea msemaji amesimama wapi. Lakini makala haya yanadai kwamba historia ya neno hili katika pwani ya kusini si historia ya mahali pa kusimama tu. Ni historia ya watu waliowahi kuoneshwa kidole, kisha wakajifunza kukielekeza kwa walio nyuma yao.

Asili ya neno haina utata. Linatokana na Kiarabu, *barr*, yaani nchi kavu kinyume cha bahari. Ni neno la mabaharia kabla ya kuwa neno la wenyeji, na maana hiyo ya kibaharia bado imo katika *Bara Hindi* na katika *bara la Afrika*. Visiwani lilichukua maana ya ardhi inayoelekeana na kisiwa, na kwa maana hiyo likaingia hata katika lugha ya dola: baada ya Muungano wa 1964, Tanganyika ya zamani ikaja kuitwa Tanzania Bara. Kenya haijapata kuwa na jambo kama hilo. Palikuwa na Mkoa wa Pwani, lakini hapakuwa na Mkoa wa Bara. Kwa hiyo huko Tanzania bara ina mipaka ya kikatiba, ilhali Kenya haina mpaka wowote ila ule anaouchora msemaji. Neno lisilo na mpaka ni rahisi kusukumwa.

Kabla ya Wadigo kuwa na bara yao, wao wenyewe walikuwa watu wa nyuma katika macho ya miji. Neno lililotumika zaidi kwao na kwa ndugu zao Waduruma, Wagiriama, Warabai na wengineo lilikuwa *Wanyika*, watu wa porini. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kituo Rabai, alilipokea jina hilo kwa wenyeji wake wa mjini, na wamisionari wakaliandika *Wanika* kana kwamba ni jina la kabila. Lilikuwa tusi lililovaa kanzu ya elimu. Jina la Mijikenda lilishika nguvu katika miaka ya 1940, na lilishika kwa sababu hiyo hasa: wenyewe walitaka jina lisilowaweka porini. Kufikia wakati huo Wadigo wengi walikuwa wamekwisha kusilimu, na uhusiano wao na miji ya pwani ulikuwa wa dini, ndoa na biashara. Nyika ikafa kama jina la watu. Nafasi yake, yaani ile haja ya kuwa na jina la mtu wa nyuma, haikufa.

Aliyekuja kuijaza nafasi hiyo aliletwa na kazi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichofungwa mwaka 1988, kilihitaji vibarua. Mradi wa makazi wa Shimba Hills uliwaleta Wakamba katika miaka ya 1950. Na hoteli za Diani, zilipoongezeka baada ya uhuru, zikaleta wapishi, makarani na mameneja. Wakati huohuo siasa zililipa neno uzito mwingine. Hadi 1963 ukanda wa maili kumi ulikuwa kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar na uliitwa Himaya ya Kenya, ilhali sehemu ya ndani iliitwa Koloni la Kenya. Waliodai *Mwambao* ujitenge, na hata wale wa KADU waliotaka majimbo tu, wote walizungumza kwa hofu ya kumezwa na bara. Hapo neno lilikoma kuwa la dira likawa la mamlaka: bara ndiko zinakotoka hati za viwanja.

Jambo la sarufi linastahili kuzingatiwa hapa. *Mtu wa bara* ni maelezo. *Mbara* ni aina ya mtu. Kiambishi m-/wa- humfanya mtu wa Pemba kuwa Mpemba, na Mpemba ana kisiwa, lahaja na nasaba. Wabara hawana hata kimoja cha hivyo. Mluo, Mkikuyu, Mkamba na Mluhya, ambao kwao hawana jina la pamoja na mara nyingi hawapatani katika kura, hufanywa kabila moja kwa silabi moja. Wala hakuna awaye mbara akiwa kwao. Mtu huupata ubara wake anapofika pwani.

Agosti 1997 silabi hiyo iliua. Usiku wa tarehe 13 kundi la washambuliaji, wengi wao vijana wa Kidigo, lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, na machafuko yakaenea kusini. Waliokufa walizidi 100, na waliohama makwao walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi wao wakiwa wale walioitwa wabara. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka uliofuata, ilichunguza mkono wa wanasiasa katika mambo hayo, na uchaguzi wa Desemba 1997 hauwezi kutenganishwa nayo. Neno peke yake halimshiki mtu panga. Lakini vipeperushi vya kuwafukuza watu vinahitaji jina la wa kufukuzwa, na jina lilikuwa tayari.

Wahakiki wa fasihi hawana haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali, maana neno hilohilo limewahi kufanya kazi katika uwanja wao, ingawa bila damu. Mgogoro wa ushairi uliozuka baada ya *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi (1974) ulikuwa juu ya vina na mizani, lakini chini yake palikuwa na swali la nani mwenye lugha. Walioona kwamba ushairi huru ni kazi ya watu wa bara wasiojua utamaduni wa tungo walisahau mambo mawili. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani. Na kitabu kilichotumiwa sana kama hukumu juu yake, *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mlinda mlango naye alitoka bara. Ila kwa kuwa alilinda vizuri, hakuna aliyemwita mbara.

Kisa cha Ujiji kinaeleza mengi kuhusu Kwale. Ubara hufutika pale anayeitwa hivyo anapokubaliwa, na hurudi pale ardhi au kazi inapokuwa haba. Kauli ya "Pwani si Kenya", iliyoenea sana kufikia 2012 kupitia Mombasa Republican Council, haikulitaja bara kabisa. Haikuhitaji: *Kenya* ilikuwa imechukua nafasi yake, na kwa masikio ya wazee walioikumbuka Himaya na Koloni hilo halikuwa neno geni. Wakati huohuo vijana wa Ukunda walikuwa wakiigiza Sheng ya Nairobi, lugha ya barani hasa, kama alama ya ujanja. Na Desemba, hoteli za Diani zinapojaa wageni kutoka Nairobi, si ajabu kumsikia kijana aliyezaliwa Bongwe kwa baba wa Machakos au Siaya, mwenye Chidigo kisicho na kasoro, akilalamika kwamba wabara wamejaza barabara.