Je, ni salama kufunga kompyuta mpakato huku ikiendelea kufanya kazi?

Wapo wanaoacha kompyuta mpakato ikipakua mafaili usiku kucha kwa sababu bando la usiku ni nafuu. Wapo wenye maduka wanaopiga muziki kutoka kwenye mashine iliyofungwa chini ya kaunta, na wapo wanaoiunganisha na televisheni kubwa ukumbini. Wengine wana mashine ya zamani ambayo kioo chake kimevunjika, na sasa inatumika tu kama ghala la picha na hesabu za ofisi. Swali lao ni moja: je, mashine ikifanya kazi huku imefungwa haitaharibika?

Inawezekana, na kifuniko chenyewe si tatizo. Tatizo ni joto lisilo na njia ya kutokea. Na mara nyingi hatari kubwa haipo mezani bali ndani ya begi, pale mtu anaposahau kwamba aliiamuru mashine isilale.

Mashine hujuaje kwamba imefungwa?

Kwenye fremu ya kioo kuna sumaku ndogo, na upande wa kibodi kuna sensa inayoihisi. Sensa hizi zinatumia kanuni iliyogunduliwa mwaka 1879 na mwanafizikia wa Marekani Edwin Hall. Sumaku ikisogea karibu, sensa inatoa taarifa na mfumo endeshi unaamua la kufanya. Mashine za zamani zilikuwa na kitufe kidogo karibu na bawaba kilichobonyezwa na kifuniko.

Ndiyo maana ukiweka kompyuta mpakato mbili moja juu ya nyingine, ile ya juu inaweza kuzima kioo ghafla: imehisi sumaku ya mwenzake. Mkoba wa simu wenye sumaku nao unaweza kuleta kisa hicho hicho. Ondoa vitu hivyo kwanza kabla ya kumlipa fundi.

Kubadilisha mpangilio

Kwa kawaida mashine ikifungwa hulala. Kazi zote zinasimama, na umeme kidogo tu unatumika kutunza kilichomo kwenye kumbukumbu. Kwa wenye Windows, fungua "Control Panel", ingia "Power Options", kisha bofya "Choose what closing the lid does". Utaona safu mbili: "On battery", yaani ikiwa kwenye betri, na "Plugged in", yaani ikiwa kwenye umeme. Weka "Do nothing" kwenye safu ya umeme peke yake. Safu ya betri iache kwenye "Sleep" au "Hibernate". Wengi hubadilisha zote mbili kwa pupa, na hapo ndipo mashine iliyochomolewa na kufungwa inapoendelea kuchemka bila mwenyewe kujua.

Hatua hiyo peke yake haitoshi. Mashine isiyoguswa kwa muda hulala yenyewe hata kifuniko kikiwa wazi. Kwa hiyo ongeza pia muda wa kulala ikiwa kwenye umeme, au uuondoe. Upande wa betri uache mfupi, kwani umeme ukikatika usiku ungependa mashine ijilaze yenyewe. Hata hivyo, usiutegemee muda huo peke yake, maana baadhi ya programu huizuia mashine kulala. Tukizungumzia kukatika kwa umeme, betri itaibakiza mashine hai lakini ruta itazimika, na upakuaji utasimama pale pale.

Kwenye MacBook, Apple inaruhusu matumizi ya kifuniko kilichofungwa kwa masharti: mashine iwe imechomekwa kwenye umeme, iwe na skrini ya nje, na kibodi na kipanya vya nje. Bila skrini ya nje italala. Zipo programu za watu wengine zinazolipita sharti hilo, lakini zitumie ukiwa na sababu ya kweli. Kwa Linux nyingi za sasa, mpangilio upo kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf: andika HandleLidSwitch=ignore, kisha uwashe mashine upya. Elewa kwamba mstari huo unahusu betri pia. Ukitaka iwe kwenye umeme tu, tumia HandleLidSwitchExternalPower=ignore.

Baada ya kubadilisha, jaribu. Piga wimbo, funga kifuniko, sikiliza. Kisha kifunge tena polepole huku ukichungulia: taa ya kioo inapaswa kuzimika kabla hakijagusa kibodi. Kama inabaki inawaka, weka kioo kijizime baada ya dakika moja.

Joto huenda wapi?

Hapa mashine zinatofautiana sana. Nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini na kuitoa pembeni au nyuma. Hizo hazisumbuliwi sana na kifuniko. Nyingine huvuta sehemu ya hewa kupitia kibodi, na ukizifunga umezibana pua. Zipo zinazopulizia hewa ya moto karibu na bawaba, kuelekea sehemu ya chini ya kioo. Na zipo zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air yenye chipu ya M1 iliyotoka mwaka 2020, ambayo hupoa kupitia bodi yake ya chuma. Igeuze mashine yako uangalie matundu yako wapi, kisha iwashe na uweke kiganja kuona hewa inatokea wapi.

Kazi unayoipa ni muhimu kuliko kifuniko. Kupakua mafaili au kupiga muziki ni kazi nyepesi. Kuhariri video, kucheza michezo mizito au kurusha matangazo ya video kwa saa tatu ni jambo jingine. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato zina kikomo cha karibu nyuzi joto 100. Zikikaribia hapo hupunguza kasi zenyewe, na joto likizidi mashine hujizima. Prosesa imelindwa, lakini betri iliyo jirani yake haina kinga ya namna hiyo dhidi ya kuzeeka.

Apple inashauri mashine zake zitumike mahali penye nyuzi 10 hadi 35, na inaonya kwamba joto la zaidi ya 35 linaweza kupunguza uwezo wa betri moja kwa moja. Mchana wa Februari huko Dar es Salaam au Mombasa, chumba chenye paa la bati kisicho na feni hakiko mbali na kiwango hicho hata kabla hujawasha chochote. Kazi ndefu ziachie usiku. Weka mashine juu ya meza ngumu, kamwe si kitandani, kwenye kochi au juu ya kitambaa kinene. Vipande viwili vya mbao vinavyoinua upande wa nyuma kwa sentimita mbili vinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nusu saa ya kwanza usiende mbali. Gusa karibu na bawaba na katikati ya sehemu ya chini. Kama mkono hauvumilii kubaki hapo kwa sekunde chache, fungua kifuniko. Na kama huna skrini ya nje wala huna shida ya nafasi, kwa nini ukifunge? Zima kioo tu, uiache wazi. Mara nyingi hilo ndilo jibu bora.

Begini

Mpangilio wa kifuniko husomwa pale unapokifunga. Ukiifunga mashine ikiwa kwenye umeme, kisha ukaichomoa na kuitia begini, usidhani imelala. Inaweza kuwa inaendelea na kazi ndani ya mfuko usio na hewa, na utakuja kuikuta ya moto na betri imekwisha. Ikiwa ni ya diski inayozunguka, mtikisiko wa bodaboda au daladala unaweza kuiharibu diski hiyo.

Hata usingizi wa kawaida si wa kuaminika kabisa kwenye safari. Kompyuta nyingi mpya za Windows hulala kama simu: kioo kimezimwa, lakini mashine huamka mara kwa mara kuangalia barua au kupakua masasisho. Kwa safari, izime au tumia "Hibernate", inayohifadhi kila kitu kwenye diski na kukata umeme. Kama neno hilo halipo kwenye menyu ya kuzimia, rudi kwenye ukurasa ule ule wa kifuniko, bofya "Change settings that are currently unavailable" na uliwekee alama.

Betri na mlango

Mashine inayobaki kwenye umeme siku nzima huiweka betri kwenye asilimia 100 wakati wote, na hali hiyo ikichanganyika na joto huizeesha haraka. Nyingi za Lenovo, ASUS, Dell na HP zina mpangilio wa kusimamisha chaji karibu asilimia 80, uwashe. Ukiona kipadi cha kugusa kimeinuka, kifuniko hakikai sawa au sehemu ya chini imetuna, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, na umpelekee fundi anayezijua betri za lithiamu.

Mwisho ni nenosiri. Ukichagua "Do nothing", kufunga kifuniko huenda kusifunge akaunti yako, na yeyote atakayekiinua atakuta barua pepe zako ziko wazi. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kabla ya kufunga; kwenye Mac ni Control, Command na Q kwa pamoja. Muziki na upakuaji vitaendelea kama kawaida.