Jinsi kiazi kitamu kinavyojikinga dhidi ya kuoza

Kiazi kitamu kikikatwa na kuachwa mezani, nyama yake hugeuka rangi ya kahawia au nyeusi baada ya muda mfupi. Wanunuzi wengi huuchukulia weusi huo kuwa dalili ya kuoza. La hasha, hiyo ni silaha ya kwanza ya mmea.

Ndani ya seli za kiazi mna kemikali za jamii ya fenoli, hasa asidi ya klorojeniki, ambazo hutengwa na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidasi. Seli zikipasuliwa na jembe, fukusi au kuvu, viwili hivyo hukutana na, kwa msaada wa oksijeni, fenoli hugeuka kuwa kwinoni. Kwinoni hushikamana na protini za vijidudu na kuzidhoofisha, kisha huungana zenyewe kwa zenyewe na kutoa ile rangi nyeusi. Kimeng'enya kingine, peroksidasi, hufanya kazi ya polepole lakini ya kudumu: huunganisha fenoli ili kujenga lignini, kitu kile kile kinachoupa ubao ugumu. Hivyo chini ya kidonda huota ngozi mpya ambayo kuvu hupata taabu kuipenya.

Jambo hili lina uzito Kakamega, ambako kuna kituo cha utafiti wa kilimo, zamani cha KARI na sasa cha KALRO. Aina ya SPK 004 hata huitwa Kakamega. Viazi vikijeruhiwa kwa jembe na kutiwa maguniani siku iyo hiyo, kidonda hakipati nafasi ya kupona. Ngozi mpya hujengeka vyema katika joto la nyuzi 29 hivi na unyevu wa asilimia 85 hadi 95, kwa siku 4 hadi 7. Kakamega, iliyo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haina joto hilo usiku na mchana. Njia nafuu ni kukata majani na mashina siku kadhaa kabla ya kuvuna, viazi vikomaze ngozi vikiwa udongoni.

Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kemikali za jamii hiyo hiyo kwenye ganda la aina ya New Kawogo humzuia fukusi.

Kinga hii ina mipaka, hata hivyo. Virusi vinavyoenezwa na nzi weupe na vidukari husafiri ndani ya mashina ya kupandia. Dhidi yavyo, mkulima hana budi kuchagua mashina ya mimea isiyo na majani yaliyokunjamana.