Nani anashika telekomande? Historia ya picha moja kwa vioo vingi

Jioni ya mechi kubwa, katika nyumba nyingi za kuonyeshea mipira mjini Goma, Bukavu ao Uvira, kunakuwa na dekoda moja na televisheni mbili ao tatu. Nyaya zinapita ukutani kama mizizi. Vijana wanataka mechi ya Uingereza, wazee wanadai habari. Mwenye nyumba ana telekomande moja, na dekoda moja inatoa picha moja tu. Basi wote wanaangalia anachotaka yeye, ao anachotaka yule anayenunua vinywaji vingi.

Ugomvi huo ni wa zamani kuliko nyumba hizo. Leo kuna chombo kilichotengenezwa ili kuumaliza: kidhibiti cha kugawa video kwenye mtandao. Ni kisanduku kidogo, mara nyingi si kikubwa kuliko kitabu. Hakina kioo, na picha zenyewe hazipiti ndani yake. Kazi yake ni kuamuru tu: dekoda hii iende kwenye vioo vinne vya ukumbini, kamera ile iende kwenye kioo cha mlangoni, kompyuta ya ofisi isionekane popote isipokuwa ofisini. Kiko katika hoteli, viwanja vya ndege, makanisa makubwa na studio. Anayekishika anaamua nani anaona nini, na kwa hiyo historia yake ni historia ya mamlaka kama ilivyo historia ya waya.

Mwanzo wake mmoja mzuri ni wa mtu wa redio. Mwaka 1948, katika mji mdogo wa Astoria, jimbo la Oregon huko Marekani, Ed Parsons alikuwa na kituo chake cha redio. Mke wake alikuwa ameona televisheni Chicago, naye akataka kuwa nayo nyumbani. Shida ni kwamba kituo cha karibu cha televisheni, kile cha Seattle, kilikuwa mbali karibu kilomita 200, na milima ilikuwa katikati. Novemba mwaka huo kituo cha Seattle kilipoanza kurusha, Parsons alipandisha antena juu ya paa la hoteli, akavusha waya barabarani hadi nyumbani kwake. Picha ikaingia.

Kilichofuata kinajulikana na kila mtu aliyewahi kuwa wa kwanza kununua televisheni mtaani. Watu walijaa nyumbani mwake hadi yeye na mke wake wakakosa nafasi. Ili apate nyumba yake tena, alipeleka waya mwingine kwenye ukumbi wa hoteli, na baadaye kwenye duka, kisha kwa majirani. Picha moja, antena moja, vioo vingi. Hapo hapakuwa na uamuzi wowote wa kufanya: kilichokuja kwenye antena kilikwenda kwa wote sawasawa.

Uamuzi ulikuja pale vyanzo vilipokuwa vingi. Studio ya televisheni ilikuwa na kamera kadhaa, mashini za filamu, na mstari wa kutoka nje. Mafundi walichukua wazo lililokuwa tayari katika nyumba za simu: panga vyanzo kwa mistari ya kulala na vioo kwa mistari ya kusimama, na penye kukutana weka swichi. Ukifunga swichi moja, chanzo namba 3 kinakwenda kwenye kioo namba 7. Mpango huo unaitwa matrisi. Ni mzuri sana, ila ni ghali kwa namna ambayo haionekani mwanzoni. Vyanzo 8 na vioo 8 vinahitaji makutano 64. Vyanzo 16 na vioo 16 vinahitaji 256. Ukifika 32 kwa 32, ni 1,024. Tena mashini ikishajaa, kioo cha 33 hakina pa kuingia. Lazima ununue mashini nyingine kubwa zaidi.

Wakongomani wana nafasi yao katika historia hii, na si ndogo. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Muhammad Ali alipigana na George Foreman. Pambano lilikuwa limepangwa tarehe 25 Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho wakati wa mazoezi na likaahirishwa. Kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya pesa hizo.

Wengi wanakumbuka raundi ya nane na Foreman akiwa chini. Wachache wanajiuliza kwa nini wanaume wawili walipanda ulingoni saa kumi za usiku, wakati ambapo mjini hata jogoo bado wamelala. Jibu liko kwenye waya. Saa kumi za usiku Kinshasa ilikuwa saa nne za usiku New York, na kule Marekani watu walikuwa wamelipa tiketi kukaa katika kumbi za sinema ambako picha ya Kinshasa ilifika moja kwa moja. Ilitoka uwanjani, ikapanda kwenye satelaiti, ikavuka bahari ya Atlantiki, kisha ikagawanywa katika mji mmoja baada ya mwingine. Aliyelipa aliunganishwa, asiyelipa alisubiri redio ao gazeti la asubuhi. Mtazamaji wa mbali ndiye aliyepanga saa, na aliyekaa karibu na uwanja akaifuata. Huku mashariki mwa nchi ilikuwa tayari saa kumi na moja ya alfajiri.

Muda mfupi baada ya pambano, mvua kubwa ya msimu ilinyesha juu ya uwanja. Fundi yeyote wa redio anaweza kuwazia jinsi watu wa mitambo walivyoshukuru kwamba haikuanza mapema.

Mwaka mmoja baadaye, Ali alipigana na Joe Frazier huko Manila. Safari hii kampuni ya HBO ilitumia satelaiti kupeleka picha kwenye makampuni ya televisheni ya waya katika miji midogo ya Marekani, hadi sebuleni mwa watu. Biashara ya ukumbi wa sinema ilianza kuhamia nyumbani.

Ndani ya Zaire mambo yalikwenda njia nyingine. Televisheni ilikuwa imeanza Kinshasa Novemba 1966, na kwa miaka mingi ilikuwa na sauti moja. Waliokua wakati huo hawajasahau mwanzo wa habari za jioni: mawingu, kisha uso wa Mobutu ukishuka kati yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikuwa na mpango wa kupeleka picha kwa satelaiti kutoka Kinshasa hadi miji ya mikoa, jambo ambalo nchi chache za Afrika zilikuwa nalo wakati huo. Kwa upande wa ufundi ulikuwa mradi wa maana. Lakini ulikuwa na chanzo kimoja na mwelekeo mmoja. Mji wa Bukavu ungeweza kupokea Kinshasa. Kinshasa haikuwa na sababu ya kupokea Bukavu. Wakati majeshi ya AFDL yalipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, shirika la utangazaji lilibadilishwa jina likawa RTNC. Mkono juu ya swichi ulibadilika. Mstari ulibaki ni ule ule, kutoka mji mkuu kwenda nje.

Wakati huo, mbali na mambo haya, mwanafunzi mmoja wa udaktari alikuwa amegeuza swali zima. Steve Deering alikuwa katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California. Mitandao ya kompyuta ya wakati wake ilijua njia mbili za kutuma. Ya kwanza: tuma nakala moja kwa kila mtu, hivyo watazamaji 100 ni nakala 100, na mstari unaziba. Ya pili: tuma kwa wote, watake wasitake. Deering alipendekeza njia ya tatu, nayo iliandikwa kama kanuni ya intaneti Agosti 1989. Inaitwa multikasti. Chanzo hakitumi kwa mtu. Kinatuma kwa kundi lenye anwani yake, kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255. Anayetaka anajiunga na kundi. Asiyetaka anatoka. Chanzo hakijui hata watazamaji ni wangapi. Nakala inatolewa tu pale ambapo njia zinaachana, kama maji yanayofika penye mfereji mbili.

Hii ilikuwa kinyume cha mawingu ya Mobutu. Kioo ndicho kinachoomba.

Machi 1992, wakati wa mkutano wa mafundi wa intaneti huko San Diego, sauti ya mkutano ilirushwa kwa njia hiyo hadi vituo 20. Novemba 1994 sehemu ya tamasha la Rolling Stones kutoka Dallas ilipita humo pamoja na picha. Ukweli ni kwamba kwenye intaneti kubwa multikasti haikuenea kama ilivyotarajiwa, na video tunazoangalia kwenye simu leo bado zinatumwa nakala moja kwa kila mtu.  Ila ndani ya jengo moja, ambako mtu mmoja anamiliki nyaya zote, wazo la Deering lilipata makao. Matrisi yenye makutano 1,024 iliweza kutupwa. Mahali pake pakawekwa swichi ya kawaida ya mtandao, kisanduku kimoja kwenye kila chanzo, na kisanduku kimoja nyuma ya kila kioo. Kuongeza kioo cha 33 ni kuongeza kisanduku kimoja na tundu moja.

Lakini visanduku haviwezi kujua mapenzi ya watu. Ndipo kidhibiti kikaingia, kukiambia kila kisanduku cha kioo kijiunge na kundi gani. Tazama basi: uamuzi uliokuwa umehamia kwa mpokeaji ukarudishwa tena katika mkono mmoja.

Kukiweka kwenyewe si kazi ya uchawi. Kidhibiti mara nyingi kina matundu mawili ya mtandao: moja linaingia kwenye mtandao wa video, lingine kwenye mtandao wa nyumba, ili simu ao kompyuta iweze kukifikia bila kuzama katika mafuriko ya picha. Kisha kila kisanduku kinapewa namba na jina. Jina ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Fundi anayeacha "kioo 1, kioo 2" badala ya "mlangoni, jikoni" atapigiwa simu usiku. Kila chanzo kinapewa anwani ya kundi lake. Halafu inabaki swichi ya mtandao, na hapo ndipo wengi wanaanguka.

Picha kamili ya HD bila kubanwa, yenye fremu 60 kwa sekunde, inahitaji karibu gigabiti 3 kwa sekunde, na mtandao wa kawaida unabeba 1. Kwa hiyo visanduku vinaibana. Hata hivyo inabaki kubwa. Kama swichi haijaamriwa kusikiliza maombi ya kujiunga, inamwaga kila picha kwenye kila tundu, na dakika hiyo hata printa ya ofisi inakufa. Kosa la pili ni la hila zaidi. Katika mtandao lazima awepo mmoja wa kuuliza, kwa kawaida kila sekunde 125: nani bado anataka picha hii? Asipokuwepo wa kuuliza, vioo havijibu, na baada ya sekunde 260 swichi nyingi huamua kwamba hakuna mtu. Picha inakatika. Fundi anazima na kuwasha, picha inarudi, anachukua malipo yake, anapanda pikipiki. Dakika nne na sekunde ishirini baadaye ukumbi uko gizani. Wapo waliobadilisha nyaya zote za jengo kwa sababu ya swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza.

Jambo moja linawashangaza wanaolikuta mara ya kwanza. Ukikizima kidhibiti, picha hazizimiki. Vioo vinaendelea na kile vilichoamriwa mara ya mwisho, saa nzima, siku nzima, kwa sababu picha zinapita kwenye swichi tu. Kinachopotea ni uwezo wa kubadilisha. Kwa hiyo pale ambapo umeme unakatika mara tatu kwa siku, mafundi wazoefu wanahakikisha kidhibiti kinakumbuka mpango wake kikiwaka tena, wanahifadhi nakala ya mpango huo mahali pengine, na neno la siri wanalikabidhi kwa watu wawili. Mtu mmoja anaweza kuhama. Huku kwetu watu wanahama bila kuaga.

Katika madarasa na makanisa ambako familia zilizokimbia vita zinalala, mara nyingi hakuna visanduku wala swichi. Kuna televisheni moja, jenereta, na kijana mwenye telekomande. Mama anayetaka kusikia kama barabara ya kijiji chake imefunguliwa anakaa nyuma, mtoto mgongoni, akingoja kipindi cha kwanza cha mechi kiishe.