Somo la Ramani Katika Nchi ya Wagogo

Ramani ya Dodoma imebadilishwa na maamuzi ya watu: reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam, vijiji vya ujamaa vilivyowakusanya Wagogo kutoka makazi yaliyotawanyika, kisha uamuzi wa chama cha TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia huko makao makuu ya nchi. Kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi anayekariri majina ya miji tu hajafundishwa ramani. Afundishwe kuuliza kwa nini mji uko pale ulipo. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka masomo yafungamane na mazingira ya mwanafunzi. Wapo wanaohofu kwamba hilo litamfungia kijijini. Sivyo: aliyejifunza dira na skeli kwa kuchora njia ya kisimani ataisoma hata ramani ya Ulaya.