Tembe, Mvinyo Mweupe na Ukame wa Ugogo

Mvua ya Dodoma ni ya kuhesabu. Kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukame huo umeleta njaa mara nyingi, lakini pia umeipa Ugogo, nchi ya Wagogo, vitu viwili vinavyoitambulisha: nyumba ya tembe na mvinyo.

Tembe ndilo la kale. Mgogo alisimika nguzo zenye panda, akalaza boriti, akapanga fito, kisha akafunika kwa majani na udongo mzito. Paa likawa bapa, kwani mvua yenyewe haikuhitaji mteremko. Juu yake ulianikwa mtama na uwele. Chini, vyumba viliuzunguka ua walimolala ng'ombe. Msafiri Stanley aliyapita matembe hayo mwaka 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone, na kwa kila mtemi msafara wake ulidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita.

Zabibu zilikuja baadaye sana. Mwaka 1957 wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje ya mji wa Dodoma. Hewa kavu iliufaa mmea, maana ukungu unaoozesha vishada hupenda unyevu. Tena hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu: mkulima akipogoa, unachipua upya. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka.

Mvinyo mweupe wa huko hutokana hasa na Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Hukamuliwa, na maganda hutengwa kabla juisi haijaanza kuchacha.

Mzabibu ukiwa bado unashika mizizi, tembe lilianza kung'oka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma ya serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na nyumba bora ikahesabiwa kuwa ya matofali na bati. Leo mabati yanang'aa mpaka kando ya mizabibu ya Hombolo na Makutupora, na mchana wa Oktoba aliye chini yake hutoka nje kutafuta kivuli cha mti.

Mvinyo mweupe nao hauvumilii joto hilo. Juisi ikichachia kwenye joto hupoteza harufu yake, hivyo kiwanda hulipia umeme wa kupoza matangi. Mgogo wa tembe alilipunguza jua hilohilo kwa udongo aliouchimba uani kwake.