Mwalimu Aliyewauliza Wafu

Wasikilizaji wangu, hapa kwetu Bukundi mtoto akifa, kabla matanga hayajaondolewa swali huwa moja: Ni nani aliyemwua? Leo nataka kuwaelezeni habari za mtu aliyetumia umri wake kuuliza swali lingine: Ni nini kilichomwua?

Mtu huyo ni Jack Davies, Mwingereza, aliyefika Uganda mwaka 1944, akawafundisha wanafunzi wa uganga huko Mulago, Kampala, na baadaye akawa profesa wa patholojia katika Makerere. Patholojia ni elimu ya kujua ugonjwa umefanya nini ndani ya mwili. Mwenye kazi hiyo hupasua maiti, hutazama nyama yake kwa hadubini, kisha huwaambia madaktari kama walikisia sawa au walikosa. Jamaa za marehemu hawaridhii upesi. Hata mimi sijui kama ningeridhia.

Siku hizo watoto wengi waliletwa Mulago wamevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu. Wengine walisema ni safura, wengine kaswende ya kurithi. Daktari Hugh Trowell alishindana na rai hizo miaka mingi. Davies alipofungua miili ya watoto hao aliona kongosho limenyauka, na mwaka 1948 akaandika habari zake. Ndio unyafuzi, wengi huuita kwashakoo, ugonjwa wa mtoto ashibaye ndizi pasipo maziwa, nyama wala kunde. Wala msidhani ni habari ya walaji ndizi tu. Uji mtupu wa mtama hufikisha huko huko.

Tena alitaka kila saratani ionekanayo Kampala iandikwe katika daftari moja. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt alitangaza habari za watoto waliovimba mataya. Davies na mwenziwe George O'Conor walipolipekua daftari lao, waliona karibu nusu ya saratani za watoto ni za aina moja, nayo ni saratani ya tezi. Ugonjwa huo hupatikana penye malaria nyingi, na nchi zetu za Ziwa Victoria zimo.

Je, ulikuwa mgeni? Hapo ndipo kazi ya Davies inaponipendeza zaidi. Katika hospitali ya Mengo, Daktari Albert Cook alikuwa ameandika habari za wagonjwa wake tangu mwaka 1897. Davies na wenziwe wakayasoma madaftari hayo mpaka ya mwaka 1956, na mwaka 1964 wakatoa hesabu ya saratani zote zilizomo. Watoto wenye mataya yaliyovimba walikuwamo tangu siku za Cook. Walifutikwa kabatini, hawana wa kuwauliza.

Miongoni mwa walioandika hesabu hiyo pamoja naye alikuwamo Raphael Owor, mwenyeji wa Uganda. Baadaye yeye naye alikuwa profesa wa patholojia pale pale Makerere.